Bwana Sleyum Anaweka Mdila Chini

Tarehe 31 Disemba 1970, Bwana Sleyum bin Amur atastaafu ukatibu wa Kamati ya Skuli yetu ya Ruwi, karibu na Maskati, baada ya kuushika kwa miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyedumu kwenye kamati hii kama yeye, wala hatatokea mwingine, kwani siku hiyohiyo kamati yenyewe inavunjwa na shughuli zake zote zinakabidhiwa kwa idara mpya ya elimu. Sherehe itakuwa uani mwa skuli baada ya sala ya alasiri, na hapo ndipo utakaposomwa wasifu huu. Halua imeshaagizwa, na aliyeagiza ni Bwana Sleyum mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwengine kuichagua.

Wasifu huu nimetakiwa niuandike mimi, Bakhita binti Mahfoudh, mwalimu wa darasa la kwanza la wasichana. Wapo wanaomjua kwa miaka mingi zaidi, na wapo wanaoandika vizuri zaidi. Nimekubali kwa sababu wiki tatu nyuma Bwana Sleyum alikuja kwetu kuniomba radhi. Anakwenda hija mwaka huu, in sha Allah, na mwenye kwenda hija huzunguka kwa jamaa na majirani akiwaomba wamsamehe aliyowakosea. Watu wengi husamehe palepale mlangoni, hata kosa lenyewe hawajaambiwa. Mimi alinitajia hasa alilonikosea. Nilimwambia asubiri kidogo, na amesubiri mpaka leo bila ya kunikumbusha. Jibu lake nimeliweka humu humu, kwa hivyo avumilie kwanza asifiwe.

Bwana Sleyum alizaliwa Ansab, kijiji cha jirani. Alikwenda Unguja angali kijana, kumfuata ami yake aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, na huko akakaa muda mrefu kuliko alivyowaaga wazee wake. Aliporudi mwaka 1948 alikuja na cherehani, na mke wa Kiunguja, na Kiswahili cha mjini ambacho hapa hakuwa na wa kukizungumza naye ila huyo mkewe. Marehemu Bi Mahbuba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mumewe hugombana kwa Kiarabu na hupatana kwa Kiswahili. Mwaka ule ule kamati ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika yanayosemwa, akachukuliwa yeye. Na kwa vile alikuwa mdogo kuliko wote waliokaa pale, akapewa na kazi ya kumimina kahawa. Miaka ikapita, wakaingia wadogo kuliko yeye, lakini mdila, birika lile la kahawa, akakataa kuuachia. Alisema akikaa mikono mitupu anasinzia, na Mwenyekiti hapendi kuona katibu anasinzia.

Anayedhani kamati ya skuli hushughulika na masomo hakuwahi kuhudhuria. Kamati yetu ilishughulika na punda. Watoto wa Ansab walikuwa wakija skuli kwa punda, na kivuli cha kuwafungia kilikuwa kimoja tu, ubavuni mwa ukuta. Wazee wawili wakakigombania kivuli hicho msimu mzima wa joto, kila mmoja akiapa kuwa punda wake ndiye mgonjwa. Bwana Sleyum hakuhukumu. Alikwenda nyumbani, akashona turubali kwa cherehani yake, akalitundika upande wa pili, vivuli vikawa viwili. Siku ya pili yake wale wazee wakaanza kuligombania turubali, ati lina upepo zaidi. Akamleta punda wake mwenyewe akamfunga pale, wazee wakaona haya wakagawana cha ukutani, na shauri likaisha.

Kamati ilishughulika pia na njiwa. Mwalimu mmoja aliyeletwa kutoka bara, huko milimani, aliikataa nyumba aliyopangiwa kwa sababu ya njiwa wanaotaga darini, na mwenye nyumba akakataa kuwafukuza njiwa kwa sababu wamemzoea. Wajumbe wakasema na huyu, wakasema na yule, wapi. Bwana Sleyum akamchukua mwalimu kwake, akakaa naye mpaka mwalimu alipooa. Bi Mahbuba alisema kama angeulizwa yeye, angechukua njiwa.

Na mwaka ule wadi, bonde kavu linalopita kando ya skuli, ilipojaa maji, yakaingia darasani yakaondoka na mikeka, ni yeye aliyeyafuata maji mpaka bustani za chini. Aliikuta mikeka yetu imeshaanikwa, imeshakauka, na watu wameshaanza kuisalia. Sasa mtu aliyesimama kwenye mkeka anasali utamwambiaje kuwa mkeka si wake? Bwana Sleyum alijiunga nao. Alisali nao adhuhuri, akasali nao alasiri, akala nao tende baina ya hapo, na kabla ya magharibi akarudi na mikeka yote ila mmoja. Huo mmoja alisema ameuacha sadaka, na Mwenyekiti wetu, Sheikh Aflah, alimuuliza ni nani aliyemruhusu kutoa sadaka mali ya skuli.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo Ruwi nzima inaijua. Wageni wa kamati huvua viatu mlangoni. Mazungumzo yakiendelea, Bwana Sleyum alikuwa akitoka mara moja, kama anayekwenda kutazama makaa, na huko nje akageuza viatu vya yule ambaye shauri lake limekwisha, ncha zikaelekea njiani. Aliyetoka akavikuta viatu vyake vimeelekea njiani alikwenda zake. Aliyetoka akavikuta vimeelekea ndani alijua bado ana neno la kusikia, akarudi akakaa. Kwa njia hiyo watu waliambiwa mambo mazito pasipo mtu yeyote kuwaambia kitu.

Ndivyo kamati yetu ilivyofanya kazi. Kura hazikupigwa hata siku moja, na neno hapana sijui kama lilishawahi kutamkwa chumbani mle. Kila kitu kilipita kwenye kahawa. Sisi tuliotoka Unguja tulichelewa mno kulijua jambo hili, kwa hivyo nnalieleza kwa yeyote ambaye mpaka leo halijui.

Mgeni mwenye haja akimiminiwa kahawa, hainywi. Huipokea kwa mkono wa kulia akaiweka chini mbele yake. Mwenyeji akiona hivyo humuuliza ana nini, na mgeni hutaja haja yake. Mwenyeji akiikubali, humwambia anywe kahawa yake, na ikishanyweka basi ahadi imefungwa, hakuna wa kuifungua. Lakini mgeni akiinywa tangu mwanzo, maana yake hana haja, amekuja kwa salamu tu, na baada ya hapo akianza kuomba vitu ataonekana hakulelewa. Aliyetosheka hutikisa kikombe akakirudisha. Asipotikisa, humiminiwa tena.

Kwetu Unguja kahawa ni kahawa. Mtu hunywa, akasifu, akaongeza, ndipo koo likafunguka na maneno yakatoka.

Tulifika hapa mwaka 1964. Sababu tunaijua sote na siku ya leo si ya kuieleza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la nane, na jina langu lilikuwa limeshatoka la kwenda sekondari. Hapa Ruwi skuli ilikuwa ya wavulana peke yao. Tulikuwa wasichana kadhaa tuliokuja kutoka Unguja na Pemba, wote tukawa ndani: mimi, na Masouda aliyekuwa akitushinda sote kwa hesabu na hakosi kutukumbusha, na Hind ambaye mwandiko wake walimu walikuwa wakiutundika ukutani, na wengineo. Na alikuwepo Bi Kheiria. Huyu alikuwa mwalimu hasa, aliyesomesha Unguja tangu sisi hatujazaliwa, naye amekaa kwa kaka yake anashona kofia. Alisema yuko tayari kutusomesha ukumbini pake bila ya malipo yoyote, mradi kamati iridhie, asije akaambiwa anafanya jambo la kujificha. Wakati ule, kwa darasa la nyumbani, neno la kamati lilikuwa linatosha.

Wazazi wakamtuma baba yangu, Mahfoudh, akaombe. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Akakaribishwa vizuri, akakaa, Bwana Sleyum akammiminia kahawa, na baba akainywa. Akaisifu iliki yake. Hakutikisa kikombe, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kutikisa, akamiminiwa tena, akanywa kwa adabu. Akamiminiwa tena, akanywa. Anasema alidhani anatahiniwa. Mwisho Sheikh Aflah akamuuliza, kama desturi ilivyo, ana khabari gani. Na baba, kwa Kiarabu chake cha Unguja, akajibu kama atakavyojibu Mswahili yeyote, hata ambaye nyumba yake inaungua nyuma yake: khabari njema, alhamdulillahi, hakuna neno. Sheikh Aflah akamshukuru Mungu, wajumbe nao wakamshukuru Mungu, na mazungumzo yakahamia kwenye tende na mvua. Baba alikaa akisubiri aulizwe kilichomleta. Hakuulizwa. Alipotoka alivikuta viatu vyake vimeelekea njiani.

Akarudi nyumbani akatwambia kuwa wamekataa, lakini kwa heshima kubwa sana. Na huko nyuma kamati ikamsifu kwamba ni mtu wa pekee katika waliotoka Unguja, amekuja bila ya shida yoyote. Miaka mitatu ikapita hivyo. Baba hakutaka kuwasumbua tena watu waliomkatalia kiungwana, na wao hawakuwa na la kumjibu mtu ambaye hakuwaomba kitu.

Mwaka 1966 Bi Kheiria alihamia Kuwait kwa mwanawe, na haukupita mwezi akapata skuli ya kusomesha huko. Masouda aliolewa Ansab. Hind aliolewa na mtu mwenye shamba Mawaleh. Kuolewa si msiba, na waume wote wawili ni watu wema, sitaki mtu aondoke hapa akasema Bakhita amesema vingine. Lakini Masouda siku aliyoagwa aliniita chumbani akanipa vitabu vyake vyote, akasema mimi huenda nikavihitaji. Alisema kwa mzaha, akashindwa kuumaliza mzaha wenyewe, tukalia sote wawili hapo juu ya kitanda mpaka shangazi yake akaja kutugombeza kwa kuwa bibi harusi anaharibu wanja.

Mwaka 1967 baba na Sheikh Aflah wakakutana kwenye karamu ya harusi, sahani moja. Sheikh Aflah, kwa moyo safi kabisa, akamsimulia baba mbele ya watu jinsi kamati ilivyompenda siku ile, kwani alikunywa kahawa yao na hakuwaomba kitu. Watu wakamweleza baba desturi. Baba alicheka mpaka akatoka machozi. Lakini wali hakuumaliza.

Wiki ile ile alikwenda kamatini, akaipokea kahawa, akaiweka chini. Wajumbe walitazamana. Sheikh Aflah aliuliza, akaambiwa, akavuta pumzi ndefu, akamwambia anywe. Hakuna aliyepinga. Kumbe ilikuwa inawezekana. Ila sasa mwalimu hayupo. Walimtafuta mwanamke mwengine wa kusomesha Ruwi, wakamtafuta Matrah, wakaulizia kwa kila aliyetoka safari, hawakumpata. Kwa mashauri yaliyokwama namna hiyo Bwana Sleyum alikuwa na kauli yake, kwamba tuyaache yapumzike. Letu lilipumzika sana.

Hapa ndipo nnapoanza kumjua mimi mwenyewe. Baada ya siku ile Bwana Sleyum alianza kuja kwetu kila Alkhamisi alasiri kunifundisha Kiarabu cha kuandika. Kabla ya hapo nilikuwa na Kiarabu cha msahafu tu, na cha jikoni cha kuombea chumvi kwa jirani. Yeye alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia la mlango, na ubao ukipita chini ya pazia kutoka kwake kuja kwangu. Nikikosea hakunifokea. Aliurudisha ubao umeshafutwa wote, hata yale niliyopatia, nianze upya. Yapo majira niliyomchukia. Mama kwa muda alimshuku kuwa anataka kuoa, akawa anampelekea chai isiyo na sukari. Aliinywa, akashukuru, na Alkhamisi ya pili akarudi. Alikosa tu zile wiki alizofiwa na mkewe, na hata hizo nadhani hakutaka kuzikosa. Nilimpenda kama babu yangu, na babu zangu wa kuzaliwa wote wawili sikuwadiriki.

Mwaka huu, baada ya utawala kubadilika, mambo yamefunguka. Ilipojulikana kuwa wasichana watasomeshwa na kwamba walimu wanatafutwa, Bwana Sleyum alikwenda Maskati kwa miguu yake akakaa kwenye ukumbi wa idara mpaka akaonekana, akalitaja jina langu. Darasa letu lilifunguliwa Oktoba. Siku ya kwanza wasichana walijaa mpaka nje, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, na mmoja amekuja na mbuzi kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Bwana Sleyum alisimama upande wa pili wa njia, chini ya ukuta, hakuingia. Nilidhani ameona haya kwa kuwa ni wanawake watupu.

Nnaipenda kazi yangu kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Lakini nnataka niseme wazi jambo ambalo walimu wenzangu wanalijua. Hesabu nnazijua mpaka pale nilipoziachia mwaka 1964. Wapo wasichana wepesi katika darasa langu, na mmoja nikimtazama nnamuona Masouda. Baada ya miaka michache watafika pale nilipokomea mimi, watainua macho kunitazama, na mimi sitakuwa na la mbele la kuwaonyesha. Hilo huniumiza, na halitaacha kuniuma eti kwa kuwa leo tunakula halua.

Sasa kosa lenyewe. Wiki tatu nyuma alikuja, hakukaa barazani, alisimama. Pazia hatuweki tena, maana mimi ni mwalimu na yeye ni mzee. Alisema, nnataka radhi yako, mwanangu, na kwanza nnataka ujue unanisamehe nini. Akanambia kuwa siku ile ya mwaka 1964 alijua kilichomleta baba. Ruwi nzima ilikuwa inajua, wajumbe wote walikuwa wanajua. Alisimama mbele ya baba na mdila mkononi, na baba alipokipeleka kikombe mdomoni, yeye aliyeishi Unguja nusu ya ujana wake alifahamu palepale kuwa mtu huyu haijui desturi. Lilikuwepo neno moja la kumwambia, usinywe, na angelisema kwa Kiswahili pasingekuwa na mwengine wa kulielewa chumbani mle. Neno lilikuwa mdomoni. Akawatazama wajumbe. Walikuwa wamekuja wamekunja nyuso, nusu wanataka darasa, nusu wameapa kuwa likikubaliwa watatoka kamatini. Baba alipokunywa, nyuso zikakunjuka zote pamoja. Wakaanza kupumua. Bwana Sleyum akaona kwamba kamati imepona, akalimeza neno lake, akammiminia baba kikombe cha pili.

Alisema wakati ule aliona ameleta amani. Viatu alivigeuza yeye. Alisema zile Alkhamisi zote mimi nilizodhani ni hisani yake hazikuwa hisani, ilikuwa ni mtu anayejaribu kulipa na hathubutu kusema analipa nini. Na ile siku darasa lilipofunguliwa hakuingia kwa sababu alikuwa akitafuta nyuso ambazo hazipo.

Nilikasirika. Nnaandika hivyo kwa kuwa yeye alisema lake bila ya kulipamba, nami sina haki ya kulipamba langu. Kisa cha baba na kahawa kilikuwa kichekesho cha nyumba yetu, tulikuwa tukikisimulia kwa wageni, mama akimwigiza baba anavyosifu iliki. Sasa nilikitazama upya na nikamuona mtu wa tatu chumbani, amesimama, anajua kila kitu, anamimina. Nilimwambia asubiri, nikaingia ndani.

Baba nilipomweleza alimsamehe pale pale, akacheka tena, akasema bora kumbe hakuwa mjinga peke yake. Baba ana moyo mpana. Lakini baba alikuwa ameshamaliza kusoma.

Nimefikiri sana siku hizi nikiandika wasifu huu. Kila sifa ninayoiandika nnaikuta imetoka mahali pamoja na lile kosa. Tunamsifu kwamba kwa miaka yote hii kamati haikugombana hata mara moja, na ni kweli. Alikuwa bingwa wa kulipitisha jambo lisimguse mtu. Wazee wa punda, mwenye njiwa, waliosali kwenye mikeka yetu, wote waliondoka wameridhika, kwa kuwa wote walikuwepo mbele yake na akiwaona wakikunja nyuso. Sisi hatukuwepo. Sisi tulikuwa majumbani, hatuna uso wa kukunja mbele ya kamati, kwa hivyo amani ikapatikana kwa kutuacha sisi. Wala si yeye tu. Wajumbe wote walijua haja ya baba, na hakuna aliyemuuliza. Nnaiambia idara mpya, ambayo in sha Allah itasoma haya: mkikuta mkutano umekwisha vizuri na kila mtu ametoka anatabasamu, tazameni ni nani ambaye hakukaribishwa.

Lakini nimefikiri na upande wa pili. Kila mvulana wa Ruwi na Ansab anayejua kusoma leo, anajua kwa sababu skuli hii haikufungwa, na yapo majira ambayo isingekuwa Bwana Sleyum ingefungwa. Wamo madukani, wamo maofisini, mmoja ndiye aliyetuandikia ubao wa mlangoni. Na lipo jambo kubwa zaidi. Kosa lake lilikuwa halijulikani. Neno ambalo hukulisema halina shahidi. Angeweza kuja mlangoni kwangu kama wanavyokuja mahujaji wote, akaniambia nimsamehe aliyonikosea kwa kujua na kwa kutojua, na wallahi ningemsamehe kabla hajamaliza, nikambusu mkono, akenda zake Makka na radhi yangu mfukoni. Aliichagua njia ya kunambia. Mtu aliyenyamaza kwa ajili ya amani maisha yake yote, uzeeni amekuja kwangu akaivunja ya kwake.

Basi hili ndilo jibu langu, Bwana Sleyum, na nimetaka lisomwe mbele ya watu.

Yangu nimekusamehe. Nimekusamehe hapa na mbele ya Mola wetu, sina kinyongo, na Alkhamisi ukitaka kuja njoo, chai utawekewa sukari. Lakini miaka ile haikuwa yangu peke yangu, na radhi ya wenzangu mimi siwezi kuitoa. Masouda yuko Ansab na watoto wawili na hajui kwamba palikuwa na neno moja tu. Hind yuko Mawaleh. Wengine unawajua kwa majina na kwa majumba, maana wewe ndiye uliyekuwa ukizunguka mitaani kwa kazi za skuli na kutuona tukichungulia. Kawaombe wenyewe, mlango kwa mlango, na kila mmoja mweleze kama ulivyonieleza mimi. Hija bado mwezi na zaidi, na kazi kuanzia kesho huna.

Na usiende na maneno matupu. Idara imeniruhusu kufungua darasa la wanawake waliokwisha kuwa wakubwa, hapa hapa skuli, alasiri, kuanzia Januari. Waume wa Masouda na Hind nimeshawatumia watu, hawana neno. Mwalimu ni mimi, mpaka atakapopatikana mwenye kujua zaidi, na siku hiyo nitashuka kukaa mkekani pamoja na wenzangu tuendelee tulipoachia. Waambie nafasi zao zipo.

Kamati inayomaliza kazi, walimu, wazazi wa Ruwi na wa Ansab, na wanafunzi wako wote, wa darasani na wa nyuma ya pazia, wanakushukuru kwa miaka ishirini na mbili ya kuwatumikia. Tunakuombea afya, umri wenye baraka na hija yenye kukubaliwa, na kabla ya hiyo tunakuombea miguu mizima. Anza kwa Masouda, kwani yeye mara ya kwanza atakurudisha bila ya radhi, itabidi uende tena.